Kompyuta Nane Zilizolala Kifudifudi

Kwa siku tatu usingizi ulinikataa kwa sababu ya swali moja: nikinunua kompyuta zikawaka siku ya kwanza, nitajuaje kama zitawaka siku ya mia?

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huo wa 2007, na shahada yangu ya kompyuta ilikuwa bado ndani ya bahasha ya kaki kwenye kabati la mama. Shule ya upili ya kwetu Keringet iliniomba niteremke Nakuru kununua laptopu nane za mtumba. Wazazi walikuwa wamechanga kwa viazi, kila nyumba gunia moja. Mwalimu mkuu aliniambia kwa upole kwamba maabara ya kompyuta ikifunguliwa, na ikabaki wazi hadi mwisho wa muhula, mwalimu wake nitakuwa mimi.

Aliposema “ikabaki wazi” aliutazama mlango wa chumba kilichofungwa kwa kufuli. Humo mlikuwa na kompyuta za kwanza, zilizonunuliwa mwaka uliotangulia. Zilikuwa za kupendeza kwa macho, lakini mfumo endeshi wake, yaani ile programu kuu ambayo bila hiyo kompyuta ni sinia tu, ulikuwa wa kunakiliwa. Baada ya wiki chache zikaanza kutoa onyo kila zinapowashwa kwamba nakala si halali. Zikakosa masasisho, virusi vikaingia, na moja baada ya nyingine zikanyamaza. Tangu hapo baadhi ya wazazi walisema kompyuta ni njia ya watu wa mjini ya kula viazi vya watu wa shamba. Kama zangu nazo zingenyamaza, ningekuwa mmoja wa hao watu wa mjini, nami nimezaliwa palepale, nyumba ya tatu kutoka kwenye geti la shule.

Duka nililoelekezwa lilikuwa nyuma ya soko. Dirishani zilipangwa laptopu zinazong’aa kama vyombo vya harusi. Fundi, mwanamume mwenye ndevu aliyevaa koti jeupe kama daktari, alikuwa akisugua moja kwa kitambaa na spiriti. Niliomba niigeuze. Chini yake palikuwa na mraba wa gundi, kitu kikiwa kimebanduliwa.

Nilimuuliza kibandiko cha leseni kiko wapi. Alicheka.

“Madam, mteja wa Nakuru akiona karatasi chini anasema hiyo ni mtumba. Tunabandua, tunatupa, inakaa mpya.”

“Na leseni?”

Alinionyesha CD iliyoandikwa namba kwa kalamu nene. Akasema hiyo moja imewasha mji mzima, kuanzia Salgaa hadi Naivasha, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Nikawaza kwamba kutoka Keringet nauli peke yake inatosha kumzuia mtu kurudi kulalamika.

Nilitoka nikaagiza chai kwenye kibanda cha jirani, nikaiacha ipoe. Kila kibandiko kilichotupwa kilikuwa na namba ya leseni ya mashine yake, iliyolipiwa ilipokuwa mpya huko ng’ambo. Duka lilikuwa likitupa kitu cha thamani kuliko vyote ili mashine ionekane na thamani. Lakini pengine nilikuwa najisumbua. Pengine kila mtu alifanya hivyo, na shule moja ya milimani isingemshughulisha yeyote. Nilizunguka soko mara mbili nikibishana na nafsi yangu, kisha nikarudi.

Safari hii alikuwepo mwenye duka, mama wa Kihindi mwenye miwani iliyoning’inia kwa mnyororo shingoni, ambaye kila mtu pale alimwita Mama. Aliniuliza kama nimerudi kununua ama kuuliza. Nikasema kuuliza: je, ana mashine ambazo bado hazijasafishwa?

Alichukua funguo za stoo.

Stoo ilikuwa na laptopu zilizorundikwa kama matofali. Zilikuwa na vumbi, mikwaruzo, na namba za ofisi za watu wengine zilizochongwa kwenye vifuniko. Nilizigeuza moja moja nikizimulika kwa tochi ya simu yangu ya mulika mwizi. Vibandiko vilikuwepo. Vingine vilikuwa vimefutika kwa kusuguliwa na mapaja na meza za miaka mingi, herufi zikiwa kama zimelambwa. Nilisoma kila namba kwa sauti, na iliyonitatiza herufi hata moja niliiweka kando. Hadi saa nane mchana nilikuwa na nane zinazosomeka, na goti langu moja lilikuwa limekufa ganzi.

Hapo simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa wazazi, mzee wa kofia ya sufu ambaye ndiye aliyeshawishi nyumba nyingi zitoe viazi. Nilimweleza nilichokuwa nacho mbele yangu. Akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia:

“Msichana wetu, wazazi wataangalia na macho. Leta kitu inang’aa.”

Nilikaa juu ya katoni na ule moyo wangu wa kuwaza kila kitu mara kumi ukaanza kazi yake. Mwishowe nilimwomba Mama anipe meza, umeme na CD halisi ya mfumo, kama anayo. Alikuwa nayo, kwenye boksi ambalo halikuwa limefunguliwa. Fundi alisema ninapoteza siku ya watu.

Niliuweka mfumo upya kwenye laptopu mbovu zaidi kwa sura, nikaingiza namba ya kibandiko. Skrini ikaniambia nipige simu kuithibitisha. Fundi akasema tangu aanze kazi hajaona mtu akiipiga hiyo namba. Nilikwangua kadi ya salio nikaipiga.

Mwanamke alijibu kwa Kiingereza kutoka nchi nisiyoijua. Nilimsomea makundi tisa ya tarakimu sita, polepole, nikirudia yale niliyohofia hakuyasikia. Katikati ya kundi la saba fundi alipunguza redio. Kisha yule mwanamke akauliza: programu hii imewekwa kwenye kompyuta ngapi?

“Moja,” nikasema.

Lilikuwa jibu langu la kwanza siku hiyo nisilolifikiria mara mbili. Akanisomea tarakimu za kurudisha, nami nikaziandika kwa kidole kimoja. Skrini ikasema imethibitishwa. Mama alivaa miwani, akasoma neno lile mwenyewe, kisha akamgeukia fundi.

“Kuanzia leo usibandue.”

Fundi aliweka kitambaa chini. Baada ya muda akavuta kiti karibu na meza, akaniuliza ya pili iko wapi, anisomee kibandiko.

Tulipiga simu mara nane. Ilipofika ya mwisho fundi alikuwa akijibu swali la “ngapi” kabla yangu. Nilichukua nane hizo, na bei yake ilikuwa chini ya zile za dirishani kwa sababu hakuna aliyezipiga spiriti.

Siku ya mkutano wa wazazi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alinyanyua moja, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa ng’ombe kiwete. Watu wakaanza kunong’ona. Hotuba niliyoiandika usiku kucha ilikuwa imetoweka kichwani.

Nikaichukua ile laptopu mkononi mwake. Nikaipindua juu ya meza, nikapindua na zile saba nyingine, zote zikalala kifudifudi zikionyesha vibandiko vyake vya leseni halali, ile ambayo kompyuta za kwanza ziliikosa. Kisha nikamwomba mwenyekiti avae miwani, asogee karibu, na awasomee wazazi kwa sauti kile kilichoandikwa chini.