Siku Pikipiki ya Baba Ilipowaka

Kila ninaponusa petroli iliyomwagika vumbini, ulimi hunikauka. Juzi hapa mtaani kwetu Kambarage kijana wa bodaboda alifungua kabureta mbele ya geti langu, akamwaga mafuta machafu chini. Nilikuwa natoka kwenda kazini. Nikarudi ndani nikakaa na mkoba wangu begani. Mume wangu aliniuliza kama naumwa, nikamjibu kuwa nimesahau miwani. Ninyi nitawaambia ukweli, maana jambo hili nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi.

Baba yangu aliitwa Masunga. Alilima pamba huko kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mji mdogo wa Mhunze, na mvua zilipokuwa haba alipanda pikipiki yake nyekundu akaenda Geita kuchimba dhahabu. Ilikuwa pikipiki kuukuu, imenitangulia kuzaliwa, na mlio wake haukufanana na wa nyingine yoyote: ilikohoa mara mbili, ikanyamaza kidogo kama inayofikiri, ndipo ikanguruma. Kuku wetu waliujua mlio ule, wakaanza kukimbilia pembeni kabla sisi hatujausikia vizuri. Bibi Holo, mama mzazi wa baba, aliusikia tangu kule kwenye mto mkavu, akabandika maji ya kuoga ya mwanawe.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi, duara lao, yaani lile shimo refu wanaloshukia wachimbaji, liliingia maji likaporomoka. Watu wanne walikuwa chini, baba mmoja wao. Hakutolewa hata mmoja. Mwenzao aliyekuwa juu akivuta kamba ndiye aliyetuletea habari, na pikipiki akaishusha kutoka kwenye lori. Alisema haiwaki, inamwaga petroli tu, na kwamba baba alikuwa amepanga kuitengeneza akirudi nyumbani.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akampa maji ya kunywa. Kisha akamuuliza, "Mwili uko wapi?"

Yule mtu akaweka kikombe chini.

"Basi mwanangu hajafa," bibi alisema. "Asilie mtu yeyote katika kaya hii."

Na hatukulia. Hapakuwa na matanga wala mkeka wa wageni uani. Mama alikuwa akienda kwenye mtama akarudi macho yamevimba, akasema ni vumbi. Pikipiki ilikaa chumba cha mbele, imefunikwa khanga. Kila asubuhi bibi aliifunua, akapangusa kiti, akaifunika tena, na kila tulipokula aliweka pembeni bakuli la ugali wa baba. Nilijifunza kula nikiwa nimeligeuzia bakuli lile mgongo, maana niliona kama linanitazama. Nyumba nzima ilinuka petroli. Hata uji ulinuka petroli.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Ndipo mama akasema anataka kuitengeneza ile pikipiki, ajifunze kuiendesha, awe anapeleka vitenge minadani. Nilidhani bibi atamfukuza. Badala yake alifurahi. "Itengenezwe," alisema. "Masunga akirudi aikute inawaka."

Siku ya pili mimi na mama tuliisukuma mpaka Mhunze, kwa fundi Seif. Huyu alikuwa mtu wa Tanga, mweupe wa meno na mwingi wa maneno, aliyetengeneza redio, baiskeli, pasi na chochote kilichoharibika. Akaitoa kabureta, akafungua kibakuli chake cha chini, akachomoa kipande cha shaba kama mapipa mawili madogo yaliyoungana.

"Hili ni boya," aliniambia, maana niliinama karibu kuliko mama. "Linaelea kwenye petroli. Petroli ikijaa, boya linapanda, linaisukuma sindano, sindano inaziba njia. Sasa sikiliza." Akalitikisa sikioni kwangu. Ndani kulikuwa na kitu kinachocheza, chwa, chwa. "Limetoboka. Limekunywa mafuta, limezama, na sindano haizibi tena. Injini inafurika."

Akaweka maji ya moto kwenye kopo, mbali na jiko lake la mkaa, akalizamisha boya. Mapovu madogo yakatoka sehemu moja, yakifuatana taratibu. Fundi Seif alipiga alama kwa msumari, akapanua tundu kidogo kwa sindano ya kushonea.

"Lazima yatoke yote," alisema. "Nikigusisha moto yakiwa humu, litanilipukia usoni."

"Haya mafuta yameingia lini?" mama aliuliza.

"Nani ajue, Mama Minza?" alijibu, akimwita kwa jina langu. "Mtu wa mwisho kuipanda ndiye aliyeyatia."

Mama akakinga kiganja. Fundi akasita, kisha akageuza boya juu ya mkono wake, tone kwa tone. Mama hakuyamwaga. Aliyashika mpaka yakakauka yenyewe, akabaki ameukunja mkono, na nilipomtazama usoni nikatamani nisingetazama.

Boya lilisafishwa, likaanikwa juani mpaka likakauka kabisa. Kabla halijazibwa kwa risasi ya kuunganishia nyaya za redio, mama aliniita kando.

"Tangulia nyumbani. Mwambie bibi pikipiki imepona, fundi ataileta na mimi nitakuwa nyuma yake. Asije akausikia mlio akashtuka. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Njia nzima nilirudia maneno yale ili nisiyasahau. Nilimkuta bibi mlangoni, anamenya karanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanivutia ungo nimsaidie. "Keti, mayu," alisema, kwa lile neno la Kisukuma lenye maana ya mama, ambalo alinipa mimi mjukuu wake kila alipokuwa na furaha. Akaanza kunisimulia jinsi baba alivyokuwa mtoto, alivyowahi kulala zizini kwa sababu ndama wake alikuwa anaumwa, mpaka kijiji kizima kikamtafuta. Alicheka mpaka karanga zikamwagika. Sikuwa nimemsikia akicheka miezi mitatu. Nikasema moyoni, nitamwambia akimaliza. Alipomaliza hadithi ile akaanza nyingine.

Ndipo ikakohoa. Mara mbili. Ikanyamaza kidogo, ikanguruma, upande ule ule wa mto mkavu.

Kuku walikimbia. Bibi akasimama, ungo ukaanguka. Nami niliyemwona fundi akiifungua kabureta kwa macho yangu, niliyetumwa kwa ujumbe mmoja tu, nilinyanyuka nikapiga kelele, "Baba!"

Bibi alikimbia. Sikujua kama mwanamke wa umri ule anaweza kukimbia vile. Alikwenda miguu mitupu mpaka njiani, mikono ameinyoosha mbele, akiita, "Masunga! Masunga!" Pikipiki ikatokea kwenye kona ya uzio wa minyaa. Juu yake alikuwa fundi Seif na kofia yake nyeupe, mama nyuma.

Bibi alimtazama fundi. Akamtazama mama. Akatazama nyuma ya pikipiki, kama kwamba kuna mwingine anayekuja kwa miguu. Fundi aliizima. Katika ukimya ule bibi akakaa chini, katikati ya njia, akaweka mikono kichwani, na akaanza kulia kilio cha msiba. Mama alishuka akakaa karibu naye, akalia pia. Majirani walitoka mashambani na majembe yao. Jioni ile uani kwetu kulikuwa na mikeka, na bakuli la baba halikuwekwa tena.

Bibi aliishi miaka sita baada ya hapo na hakuniuliza lolote. Mama naye hakuuliza. Wiki moja baada ya kumzika bibi, tukichambua mchele, nilishindwa kuvumilia.

"Mama, siku ile sikumwambia bibi."

Hakuinua macho. "Nilijua hutamwambia," alisema. "Ungekuwa mtu wa kumwambia, nisingekutuma wewe."

Ilinichukua miaka kuelewa. Mama alitaka kilio kile kije, kwa kuwa bila kilio sote tulikuwa tunazama, na hakuwa na moyo wa kukileta kwa mkono wake. Akakipitisha kwa mtoto. Nilimkasirikia nilipozaa mwanangu wa kwanza, nikamsamehe, nikamkasirikia tena.

Lakini kelele ile ilikuwa yangu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Kwa muda mrefu nilijiita mwongo. Leo najua nilipopiga kelele niliamini kabisa. Kutoka mlangoni hadi njiani ni hatua kama thelathini, na kwa hatua zile zote baba alikuwa anarudi nyumbani, na watu waliokuwa wakimpokea duniani kote tulikuwa wawili tu, bibi na mimi.