Maji Meusi ya Kidimbwi cha Useni

Hapa kwetu Mugunga, pembeni ya Goma, nani hajui kidimbwi cha Saumu? Bwana yake, muzee Useni, dereva wa barabara ya Sake, alikichimba nyuma ya nyumba miaka miwili mizima, kwa mutarimbo. Chini ya Goma hakuna udongo wa kubembeleza, kuna jiwe la volkano, na jiwe lile linakunywa maji kuliko mulevi. Useni akatandika turubai nene, akakinga maji ya mvua, akatia samaki kwa mukono wake. Halafu akafa, samaki wakabaki. Saumu alizoea kusema, "Nyumba ni ya watoto. Hawa samaki ndio bwana yangu."

Mwaka wa kifo chake ulipokaribia kutimia, wageni wakaalikwa kuja Ijumaa kusoma dua. Saumu hakutaka wakute ukuta wa mbao wa nyumba umepauka. Jumatatu akachukua mafuta machafu ya injini, akaupaka kwa mukono wake, kama tunavyopaka wote ili mchwa wasile mbao. Ukuta ukang'aa. Kila aliyepita akaitwa autazame.

Jumatano ikanyesha mvua kubwa. Alhamisi asubuhi Saumu akaenda kulisha samaki, akabaki na unga mukononi. Maji yamekuwa meusi, juu yake kuna rangi-rangi kama shingo ya njiwa. Samaki wametoa vichwa, wanahema. Watatu wamelala ubavu.

Je, aliuliza kwanza? Saumu huyu? Alienda moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe unaomutenga na jirani.

"Nsanzimana! Toka!"

Nsanzimana, jirani anayetengeneza pikipiki, akatoka na spana.

"Umemwaga mafuta yako ndani ya maji yangu! Unataka nimuzike bwana yangu mara ya pili?"

"Mama, mafuta yangu ninaweka ndani ya bidoni, na kifuniko ninafunga. Na Jumatatu si ni mimi nilikupa..."

"Nyamaza! Fundi wa kuharibu!"

Watu wa njia wakasimama kucheka. Nsanzimana akatazama chini, akarudi kwa kazi yake.

Kelele zile ndizo zilimuleta Kahindo, mwanamuke wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, anayetembeza samaki wakavu. Akatua beseni, akachuchumaa, akanusa maji.

"Kama si mafuta yake, ni majani ya muti wa avoka yameoza," Saumu akasema. Hakupenda mugeni amufundishe kidimbwi chake.

Kahindo akaokota kijiti, akakata ngozi ya juu ya maji. "Angalia, mama. Ngozi ya majani yaliyooza inavunjika vipande-vipande. Ya mafuta inafungana tena."

Ikafungana.

"Kwetu ziwani, mashua za injini zinamwaga hivi hivi."

"Si nilisema! Ni Nsanzimana!"

Kahindo akafuata matone meusi juu ya mawe, kutoka kidimbwini mupaka chini ya ukuta wa nyumba. Akapitisha kidole kwenye mbao, akakionyesha. Cheusi. Saumu akatazama kucha zake mwenyewe. Weusi wa Jumatatu ulikuwa bado haujatoka.

Akakaa juu ya jiwe.

"Watakufa wote?"

"Kama tunakaa, ndiyo. Uko na godoro kuukuu?"

Wakapasua sponji ya godoro, wakaiburuta juu ya maji, ikanywa mafuta, wakaikamua mbali, wakarudia. Wakachimba mufereji ili maji ya ukutani yapite pembeni. Kisha Kahindo akasema sasa yanatakiwa maji mapya, bidoni kumi na mbili, upesi. Na bomba la mutaa lilikuwa kavu siku ya tatu. Samaki mwingine akageuka ubavu.

Ndipo magurudumu mawili ya chukudu ya mbao yakalia nje. Nsanzimana alikuwa anaisukuma, mugongo umelowa jasho, bidoni zimefungwa kwa mupira. Alikuwa amesikia maneno ya Kahindo nyuma ya ukuta wa mawe, na wao wakikamua godoro, yeye akaenda kuchota kwenye ziwa la Goma.

"Mama, usinitazame hivyo. Matusi utamalizia kesho. Samaki hawangoji."

Akapiga safari mbili. Adhuhuri vichwa vikaanza kushuka, kimoja kimoja, mupaka juu ya maji pakawa patupu. Wanne walikufa. Waliobaki wakaenda chini kama desturi yao.

Ijumaa wageni walikula maharage na sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kidimbwi hawakuguswa. Baada ya amina Saumu akasimama. Wote wakadhani atamusifu marehemu.

"Huyu Nsanzimana nilimutukana mbele ya watu," akasema. "Basi nitamushukuru mbele ya watu. Mafuta alinipa yeye, kosa nilipaka mimi, maji akaleta yeye. Na Kahindo ndiye alinifungua macho. Mungu awalipe, mimi siwezi."

"Na fundi wa kuharibu je?" Nsanzimana akauliza.

"Lile nalifuta. Ongeza maharage, mwanangu."

Akamupakulia mwenyewe, kabla ya shehe aliyesoma dua.