Wivu wangu kaunta ya polisi

Jumatatu nilikuwa kaunta ya kituo kimoja cha polisi mkoani Simiyu. Mama mmoja kutoka Mwamapalala alikuwa akimuulizia mwanawe, aliyekuwa mahabusu siku ya nne bila kufikishwa mahakamani. Nikajitosa kumsaidia, nikatoa kitambulisho changu cha uandishi.

"Mwandishi, kasubirini nje," askari akasema, bila hata kukitazama.

Tukakaa nje saa nzima. Ndipo akaja dada mmoja wa shirika la haki za binadamu, amebeba daftari. Akauliza kwa upole, "Afande, kijana huyu aliingia lini, saa ngapi, na kwa kosa gani?" Kila alichojibiwa akakiandika. Kisha akauliza barua ya malalamiko aielekeze kwa mkuu yupi. Askari akaingia kwa bosi wake. Kabla ya saa saba kijana alitoka kwa dhamana.

Mama akaushika mkono wa yule dada kwa mikono yake miwili. "Wabeja sana, mwanangu," akashukuru kwa Kisukuma.

Nakiri niliona wivu. Miaka yote ninaandika kuhusu haki za mahabusu, na sijawahi kushikwa mkono namna ile.

Mama akanigeukia. "Na wewe baba, asante kwa kukaa na mimi."

Ni kweli, hicho ndicho nilichofanya.