Jina la Sanjivani

Vanita Wankhede hutunga mashada ya maua ya hekaluni hapa mtaani kwetu Nagpur. Mwambie shada lake limelegea, atakutukana mpaka babu yako. Lakini kuna jina ambalo kwa zaidi ya miaka mitano hatukumsikia akilitamka: Sanjivani, binti yake wa kwanza, aliyekufa kwa homa kijijini akiwa na miezi minane.

Sanjivani alizaliwa hospitali, akapewa cheti. Mdogo wake, Chhakuli, alizaliwa jikoni kwa bibi yake, na cheti hana. Kila Vanita alipokwenda kukiomba, karani alimwambia arudi Jumatatu.

Mwaka huu shule ya kulipia iliyo ng'ambo ya barabara ikatoa nafasi za bure kwa watoto wa maskini, kwa kura. Sharti cheti cha kuzaliwa, na umri miaka sita. Vanita akaja kibandani kwangu, ninakojazia watu fomu, akaweka cheti mezani.

"Hiki si cha Chhakuli," nikamwambia.

"Dada Sindhu, we andika tu."

"Huyu mtoto alikufa, Vanita."

"Alifia kijijini. Nani alikwenda kuripoti? Serikalini bado yu hai. Basi amsaidie mdogo wake."

Nikaandika. Sijisifu kwa hilo.

Kura ikamwangukia. Mtaa mzima ukala sukari guru kwa furaha, kisha yakaanza mafunzo. Baba wa mtoto, Gajanan, ndiye aliyekuwa mwalimu.

"Unaitwa nani?"

"Chhakuli."

"Unataka kofi? Unaitwa nani?"

Bibi yake akasusa chakula. "Mtoto hai mnamvisha jina la maiti! Mwenyewe akija kulidai, mtamwambia nini?"

"Mama, wewe ulitaka asome wapi? Zizini?" Vanita alimjibu mkwewe. Mdomo anao. Lakini yeye mwenyewe alimwita mtoto "wewe" tu: wewe njoo, wewe nawa. Jina alimwachia mumewe.

Siku ya kukaguliwa vyeti nilimsindikiza Vanita, maana kusoma hajui. Watoto waliachwa wacheze uwanjani, wazazi tukapanga foleni barazani. Mwalimu mkuu, mwanamke mpole mwenye miwani, akakigeuzageuza cheti, akaridhika.

"Haya mama, mwite mwanao apigwe picha."

Vanita akasogea ukingoni mwa baraza. "We! Njoo!"

Watoto kama kumi wakageuka. Chhakuli hakugeuka. Alikuwa amefundishwa kwamba shuleni aitike jina lile tu, akafundishika.

"Kwani hana jina?" Mwalimu alicheka, ila muhuri wake ulibaki hewani. Nilijua jina lile likikwama, mtoto atarudi kutunga maua maisha yake yote, na sisi wawili tutalala polisi. Nikamfinya Vanita mkono kwa nguvu.

"Sanjivani!"

Hakuita, alilia. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, na naomba nisiisikie tena.

Chhakuli akaja mbio, akamkumbatia magoti. "Nimeitika, mama! Umeona? Nimekumbuka!"

Muhuri ukagongwa. Mwalimu akasema hongera, nami nikashukuru kwa niaba ya wote, maana Vanita alikuwa hasikii. Wala hakumtazama mtoto. Macho yake yalikuwa bado uwanjani, kama mzazi aliyeita wawili akajiwa na mmoja.