Usiku wa Kumi na Nne

Baba mkwe wangu ni karani mstaafu wa Igowole. Kiingereza chake alikipata kwenye riwaya kuukuu, na hajakubali kwamba watu wanaozungumza vile wameshakufa. Nilipopeleka barua ya posa alijibu kwa mkono, kwenye bahasha, mstari mmoja tu: mshenga aje "in a fortnight". Simu anayo. Hataki tu.

Mshenga alikuwa mwenye nyumba wangu wa Iringa mjini, muuza vitambaa ambaye babu yake alitoka Pwani, mzee wa maneno laini. Akaniuliza neno lile maana yake nini. Ningejibu wiki mbili, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na ugonjwa wetu ni kushindwa kujibu kwa kifupi. Nikamweleza kwamba Waingereza wa kale walihesabu usiku badala ya siku, na "usiku kumi na nne" ukaminywa vinywani mwao hadi ukawa neno moja. Lilikuwepo pia neno la usiku saba, sasa halitumiki. Nikaongeza kwamba kwenye riwaya zao mtu akienda kwa shangazi hukaa fortnight nzima, na hurudi ama na homa ama na mchumba. Mzee alinisikiliza kwa adabu, huku akihesabu kwa vidole kuanzia usiku uliofuata Jumapili ile barua ilipoandikwa.

Jumamosi ya wiki ya pili, mchana, akanigongea mlango. Amevaa kanzu na koti.

"Twende, mwanangu."

"Bado, mzee. Ni kesho."

"Si umenisomesha mwenyewe? Usiku wa kumi na nne ndio huu wa leo. Na jua likishazama, huo ni usiku wa Jumapili. Sisi siku yetu huanza magharibi."

Nilitafuta kosa kama ninavyolitafuta kwenye daftari la mwanafunzi, sikuliona. Nikawasha gari.

Tulifika jua linazama. Baba wa binti alikuwa uani, amevaa buti za mpira, ndoo ya maziwa mkononi. Mshenga akashuka, mimi nikabaki garini, kioo nimekishusha. Nilikuwa naogopa kwelikweli. Mzee yule alishamfukuza mposaji mmoja kwa kuchelewa saa moja. Aliyewahi siku nzima sikujua angemfanya nini.

"Mimi niliandika fortnight," alisema.

Mshenga akamweleza hesabu yake yote, taratibu, usiku kwa usiku, hadi kuzama kwa jua lile lile tuliloliona. Mzee akaweka ndoo chini.

"Ndivyo walivyohesabu wenyewe," alisema. "Neno hili nimelisoma tangu ujana, sijawahi kukutana na mtu anayelifuata."

Nikashusha pumzi. Nilijipongeza mapema mno.

"Ila mimi wageni siwapokei nikiwa na buti za ng'ombe. Rudini kesho."

Kisha akamwita binti yake, maana ndiyo desturi, aulizwe kama watu hawa anawajua. Akatoka nywele zimesukwa upande mmoja, upande wa pili umesimama wima.

"Unawafahamu hawa? Wamewahi siku. Nimewaambia warudi kesho."

Aliangalia gari, akaniona.

"Nawafahamu, Baba. Na hizo usiku hata mimi nimezihesabu. Zimetimia."