Ndege Anayesugua Mwiba wa Nyuki

Naikumbuka bado asubuhi ile, mwanangu, kwenye shamba la mzungu kule Njoro, miaka ya hamsini. Nilikuwa bibi harusi wa juzi tu, na nguo zangu tayari nilikuwa nimezifunga kwenye leso, narudi kwetu Maragoli.

Kisa kilikuwa maziwa. Nyumba yetu nzima tulikuwa wakamuaji, na maziwa ya ndoo yangu yalikuwa yamechacha mara ya pili. Msimamizi akasema yakichacha tena, tutahama sote. Mchuma janga hula na wa kwao. Ndipo mama mkwe, ambaye ulimi wake haukupumzika hata Jumapili, akanifokea mbele ya watu: "Kwani kwenu mnaosha ndoo na maji baridi kama watu wa porini? Umekuja kutufukuzisha hapa!"

Akufukuzaye hakwambii toka, nikajiambia. Nikafunga mzigo.

Nilipopita zizini, baba mkwe alikuwa anakamua. Nyinyi wa siku hizi mnaketi sebule moja na wakwe mkicheka. Sisi, baba mkwe hakukusemesha ana kwa ana, wala hukumtazama usoni. Basi mzee yule, bila kugeuka, akaanza kuongea na ng'ombe.

"Wewe ng'ombe, hebu ona huyo ndege kwa waya."

Ng'ombe aliendelea kutafuna. Mimi niliangalia. Kijindege cha kijani, koo la manjano, kilikuwa kimembana nyuki mdomoni. Kikampigapiga kwenye waya, kisha kikamsugua mkia, macho kimefumba, mpaka mwiba na sumu vikatoka. Ndipo kikammeza.

"Akimeza na mwiba, ataumia," mzee akamwambia ng'ombe. "Akitupa nyuki, atalala njaa. Mimi na mama watoto ni miaka mingi sasa. Nasugua, nameza. Na uniangalie vile nimenona."

Nilicheka, machozi yakiwa bado mashavuni. Nikasimama pale nikiyasugua maneno ya mama mkwe. Ya watu wa porini nikayaacha kwenye waya. Yakabaki ya maji baridi.

Mchana ule nilichemsha maji, nikaosha ndoo na kitambaa cha kuchujia, nikavianika juani. Maziwa hayakuchacha tena, na hatukuhama. Mama mkwe hakunisifu, la hasha! Alisema tu kwamba sasa namaliza kuni. Lakini watoto wangu wote aliwapokea kwa mikono yake, na alipozeeka mimi ndiye niliyemnywesha uji. Hadi leo nikiosha sufuria namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiambiwa neno kali na mtu wa kwenu, usilimeze lilivyo, wala usilitupe. Lisugue kwanza. Tusi liache, funzo limeze. Mungu akupe watu wa kukukemea, akupe na waya wa kusugulia, na akunenepeshe kama alivyomnenepesha baba mkwe wangu.