Januari Moja

Harufu ya yai na kitunguu vikikaangwa barabarani Bukoto, hapa Kampala, hunipandisha hasira hata leo. Wenzangu husimama kununua roleksi, ile chapati iliyoviringishwa na yai. Mimi huvuka upande wa pili.

Siku tuliyokwenda kuandikishwa, karani wa ofisi ya wakimbizi alikuwa anakula roleksi. Mimi na mama tulikuwa tumetoka Kongo na mafurushi mawili, na tulikuwa tumesimama juani tangu asubuhi. Alituuliza mdomo umejaa, macho kwenye karatasi.

"Huyu amezaliwa lini?"

"Nilimuzala siku tulizika baba yake," mama akasema kwa sauti ndogo. Tangu tuvuke mpaka hakuwa amemwambia mtu yeyote jambo hilo.

"Hiyo si tarehe, mama. Naandika Januari moja." Hakumngoja ataje hata mwezi. Kidole chake kikaacha doa la mafuta juu ya jina langu. "Nyinyi wote ni Januari moja. Hapa Kampala mumezaliwa upya!"

Wenzake wakacheka. Mama akajibu, "Amina."

Kanisani kwetu kuzaliwa upya lilikuwa neno la maji, machozi na nyimbo, na likitajwa sote tuliitika hivyo. Mdomo wa mama uliitika wenyewe. Nilitamani kuipindua meza ya karani.

Nje mama alinishika bega hadi likauma.

"Siku yako ishike kichwani," akasema. "Usiiseme kamwe mbele ya mtu anayekula."